Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS): Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

KDS ni nini hasa?

Vigawe vya namba ni majibu unayoyapata ukiizidisha namba hiyo kwa 1, 2, 3, 4 na kuendelea. Vigawe vya 6 ni 6, 12, 18, 24, 30, 36, 42, 48... Vigawe vya 8 ni 8, 16, 24, 32, 40, 48... Namba zinazoonekana katika orodha zote mbili, yaani 24, 48, 72 na kuendelea, ndizo vigawe vya shirika vya 6 na 8. Kilicho kidogo kuliko vyote ni 24, na hicho ndicho KDS.

Vigawe vya shirika havina mwisho, kwa hiyo hakuna anayeuliza kilicho kikubwa kuliko vyote. Tena vyote ni vigawe vya KDS yenyewe: ukishajua 24, vilivyobaki unavipata kwa kuizidisha tu.

Wanafunzi wa sekondari na wanaosoma kwa Kiingereza wanaifahamu kwa jina la LCM. Hesabu ni ileile.

Mbona kila mara nachanganya KDS na KKS?

Majina yanafanana mno: kigawe, kigawo. Usitegemee jina, tegemea ukubwa wa jibu. Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) ni namba inayozigawanya zile ulizopewa, hivyo haiwezi kuzidi iliyo ndogo kati yake. KDS inagawanywa na zile ulizopewa, hivyo haiwezi kuwa chini ya iliyo kubwa. Kwa 12 na 18, KKS ni 6 na KDS ni 36. Ukitafuta KDS ya 12 na 18 ukapata 6, huna haja ya kukagua hatua zako. Umejibu swali jingine.

Katika maswali ya maneno, jiulize kama jibu litakuwa kubwa au dogo kuliko namba zilizotajwa. Fundi mwenye vigae vya sm 30 kwa sm 45 anataka kupanga mraba mdogo kabisa bila kukata kigae. Mraba lazima uwe mkubwa kuliko kigae, kwa hiyo ni KDS: sm 90, vigae 3 upande mmoja na 2 upande wa pili, jumla 6. Fundi mwingine ana chumba cha sm 360 kwa sm 480 na anatafuta kigae kikubwa kabisa cha mraba kitakachokijaza bila kukatwa. Hapo kigae ni kidogo kuliko chumba, kwa hiyo ni KKS: sm 120. Maswali yote mawili yana vigae na mraba, na yote yanasema “bila kukata”. Anayejibu kwa kukariri neno moja la kumwongoza ataingia mtegoni.

Ni njia ipi niitumie?

Inategemea namba. Zikiwa ndogo, orodhesha vigawe. Zikiwa tatu au nne za wastani, gawanya kwa pamoja au tumia vigawo tasa. Zikiwa mbili kubwa zisizoonyesha vigawo vyake kirahisi, pitia KKS. Kabla ya yote, tazama kama namba kubwa inagawanyika kwa nyingine zote. Ikigawanyika, hiyo ndiyo KDS na kazi imekwisha: KDS ya 5, 12 na 60 ni 60.

Kuorodhesha kunachukua muda mrefu. Kuna njia ya mkato?

Ipo. Usiandike orodha mbili au tatu. Andika vigawe vya namba kubwa peke yake, na kila unapoandika kimoja, jaribu kukigawanya kwa zile nyingine. Kwa 6 na 8: je, 8 inagawanyika kwa 6? Hapana. 16? Hapana. 24? Ndiyo. Hatua tatu tu.

Kwa 9, 12 na 15 utatembea hadi kigawe cha kumi na mbili cha 15 ndipo ufike 180. Ukishapita kigawe cha saba au cha nane bila kupata, badili njia.

Njia ya vigawo tasa inafanywaje?

Changanua kila namba iwe zao la namba tasa (zile zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu), kisha chukua kila namba tasa iliyojitokeza popote, kwa kipeo chake kikubwa kuliko vyote.

24 = 2³ × 3
36 = 2² × 3²
60 = 2² × 3 × 5

Kipeo kikubwa cha 2 ni 3, cha 3 ni 2, cha 5 ni 1. KDS = 2³ × 3² × 5 = 8 × 9 × 5 = 360.

Kwa nini kipeo kikubwa? Kwa sababu jibu lazima ligawanyike kwa 24, na 24 inadai 2 mara tatu (2 × 2 × 2). Hizohizo zinatosheleza pia 36 na 60, ambazo kila moja inadai 2 mara mbili tu. Anayejumlisha vipeo vyote (3 + 2 + 2) anaishia kuzidisha namba zote tatu, na anayechukua vipeo vidogo vya namba tasa zilizomo katika zote anapata KKS.

Kosa jingine la njia hii ni kuacha namba isiyo tasa ukidhani ni tasa. Zinazowaponza wengi ni 51 (3 × 17), 57 (3 × 19), 87 (3 × 29), 91 (7 × 13), 119 (7 × 17), 133 (7 × 19) na 143 (11 × 13). Kuhakikisha kama namba ni tasa, igawanye kwa 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea, na usimame pale ambapo namba tasa unayojaribu, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe, inaizidi namba yako. Kwa 143 unajaribu hadi 11 tu, maana 13 × 13 ni 169.

Na kugawanya kwa pamoja?

Hii ndiyo njia inayotumika sana darasani, na ndiyo yenye makosa mengi, kwa hiyo tutaikalia. Panga namba katika mstari mmoja. Kushoto andika namba tasa inayogawanya angalau moja kati yake. Inayogawanyika, andika jibu lake chini. Isiyogawanyika, ishushe kama ilivyo. Endelea mpaka mstari wa mwisho uwe na moja tupu. KDS ni zao la namba za kushoto. Kwa 8, 12 na 18:

2 | 8, 12, 18
2 | 4, 6, 9
2 | 2, 3, 9
3 | 1, 3, 9
3 | 1, 1, 3
  | 1, 1, 1

KDS = 2 × 2 × 2 × 3 × 3 = 72.

Kosa la kwanza ni kusimama mapema. Baada ya mstari wa kwanza, 4, 6 na 9 hazina tena kigawo kinachozigawanya zote tatu. Aliyezoea KKS husimama hapo, akazidisha 2 × 4 × 6 × 9 na kupata 432. Katika KKS kusimama hapo ni sahihi. Katika KDS bado 4 na 6 zina 2 ya pamoja, na 6 na 9 zina 3 ya pamoja, na kila moja ya hizo imehesabiwa mara mbili.

Kosa la pili ni kugawanya kwa namba isiyo tasa. Chukua 4, 6 na 9. Mtu anaona 6 iko tayari, anaandika 6 kushoto, chini yake anabaki na 4, 1, 9. Kisha anazidisha 6 × 4 × 9 = 216. Jibu sahihi ni 36. Ndani ya ile 6 kulikuwa na 2 ambayo ingepaswa kuondolewa pia katika 4, na 3 ambayo ingepaswa kuondolewa pia katika 9. Namba isiyo tasa inaruhusiwa pale tu inapozigawanya namba zote za mstari. Kwa 40, 60 na 100, kuanza na 10 au 20 hakuna ubaya wowote.

La tatu ni uzembe wa kuandika: kusahau kuishusha namba ambayo haikugawanyika. Andika alama ya mkato kati ya namba na uhesabu: kila mstari lazima uwe na namba zilezile kwa idadi.

Nitajuaje kuwa jibu langu ni sahihi?

Wengi hukagua nusu tu. Wanagawanya jibu kwa kila namba, wanaona hakuna baki, wanaridhika. Hilo linathibitisha kuwa umepata kigawe cha shirika, lakini halithibitishi kuwa ni kidogo kuliko vyote. 432 inagawanyika vizuri kwa 8, 12 na 18, na bado si KDS.

Nusu ya pili ni kuyatazama majibu ya kugawanya. 432 ÷ 8 = 54, 432 ÷ 12 = 36, 432 ÷ 18 = 24. Je, 54, 36 na 24 zina kigawo cha shirika zaidi ya 1? Zinacho, 6. Maana yake jibu lako ni kubwa mara 6 kuliko linavyopaswa: 432 ÷ 6 = 72. Rudia kwa 72: unapata 9, 6 na 4. Hakuna kinachozigawanya zote tatu, kwa hiyo 72 ndiyo yenyewe.

Kipimo hiki hakikosei, kwa namba mbili au kumi, na kinakusahihishia jibu palepale bila kuanza upya. Kwa maoni yetu kinastahili kufundishwa siku ileile ya kwanza ya KDS, na si kuachwa kiwe ujanja wa wachache.

Je, siwezi kuzidisha namba zote tu?

Utapata kigawe cha shirika, ila mara nyingi si kidogo kuliko vyote. Kwa namba mbili, zao ni KDS pale tu zinapokuwa hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1: 8 na 15 hutoa 120, 9 na 10 hutoa 90.

Kwa namba tatu mambo hubadilika. Tazama 6, 10 na 15. Hakuna namba zaidi ya 1 inayozigawanya zote tatu, lakini KDS yake si 900, ni 30. Kila jozi ina kitu cha pamoja: 6 na 10 zina 2, 6 na 15 zina 3, 10 na 15 zina 5. Unaruhusiwa kuzidisha moja kwa moja ikiwa kila jozi imetengana kabisa, kama 4, 9 na 25, ambazo KDS yake ni 900 kweli.

Kanuni ya KDS × KKS inafanya kazi wakati gani?

Kwa namba mbili tu. Zao la namba mbili ni sawa na KDS yake mara KKS yake. 12 × 18 = 216, na 36 × 6 = 216. Kwa tatu inavunjika: 4, 6 na 10 zina KDS 60 na KKS 2, ambazo zao lake ni 120, ilhali 4 × 6 × 10 ni 240. Ukiwa na namba tatu, tafuta KDS ya mbili za kwanza, kisha KDS ya jibu hilo na ya tatu. Mpangilio hauna madhara.

Namba ni kubwa, kwa mfano 1,001 na 1,547. Nifanyeje?

Tafuta KKS kwa njia ya Euclid, Mgiriki aliyeiandika yapata mwaka 300 kabla ya Kristo: gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawanya ndogo kwa baki hilo, endelea hadi baki liwe 0.

1,547 ÷ 1,001 = 1, baki 546
1,001 ÷ 546 = 1, baki 455
546 ÷ 455 = 1, baki 91
455 ÷ 91 = 5, baki 0

KKS ni 91. Sasa gawanya kwanza ndipo uzidishe: 1,001 ÷ 91 = 11, na 11 × 1,547 = 17,017. Anayezidisha kwanza anapambana na 1,548,547, na hapo ndipo tarakimu hupotea.

Katika kujumlisha sehemu, kuna ulazima wa kutumia KDS?

Ulazima haupo, lakini unajipunguzia kazi. Kwa 5/12 + 7/18, KDS ya asili (namba za chini) ni 36: 15/36 + 14/36 = 29/36. Ukizidisha asili unapata 216: 90/216 + 84/216 = 174/216, kisha unarudi kurahisisha kwa 6 hadi 29/36. Jibu ni lilelile. Kinachopotea ni muda, na anayesahau kurahisisha hupoteza alama pia.

Kosa la kawaida hapa ni kubadili asili na kuacha kiasi (namba ya juu) kama kilivyokuwa, yaani kuandika 5/36 + 7/36. Asili ikizidishwa kwa 3, kiasi nacho kinazidishwa kwa 3.

Maswali ya kengele yanajibiwaje?

“Kengele tatu hugongwa kila baada ya dakika 12, 18 na 20. Ziligongwa pamoja saa 2:00 asubuhi. Zitagongwa tena pamoja saa ngapi?” KDS ni 180. Dakika 180 ni muda wa saa tatu. Hapa wengi huandika “saa 3” na kukosa, maana hilo ni jibu la muda uliopita. Swali linataka saa ya ukutani: 2:00 kuongeza 3:00, yaani saa 5:00 asubuhi.

Likiongezwa “zitagongwa pamoja mara ngapi kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni”, muda ni saa tisa, 9 ÷ 3 = 3, na unaongeza ile ya mwanzo: mara 4. Zihesabu kama huamini: 2:00, 5:00, 8:00, 11:00.

Vipimo visipolingana, vilinganishe kwanza. Sekunde 45 na dakika 2 si 45 na 2. Ni 45 na 120, na KDS ni sekunde 360, yaani dakika 6.

Na kama hazikuanza pamoja?

KDS peke yake haitoshi. Taa moja inawaka dakika ya 0, 4, 8, 12... Nyingine inawaka dakika ya 1, 7, 13, 19... KDS ya 4 na 6 ni 12, lakini taa hizi hazitawaka pamoja kamwe: ya kwanza huwaka dakika za shufwa, ya pili dakika za witiri. KDS inakuambia umbali kati ya kukutana kumoja na kunakofuata, mradi kukutana kwa kwanza kuwepo.

“Tafuta namba inayobakiza 3 ikigawanywa kwa 4, 5 na 6.” Nifanyeje?

Tafuta KDS, 60, kisha ongeza baki: 63. Kwa ukali wa hesabu, 3 yenyewe inatimiza sharti, kwani 3 ÷ 4 ni 0, baki 3. Swali lililotungwa vizuri husema “namba ya tarakimu mbili” au “kubwa kuliko 6”.

Mabaki yakitofautiana, angalia pengo kati ya kila baki na namba inayogawanya. Namba inayobakiza 3 kwa 4, 4 kwa 5 na 5 kwa 6 imepungukiwa 1 kila upande. Toa 1 katika KDS: 59. Mapengo yasipolingana, ujanja huu hautumiki.

Vipi kuhusu 1, 0, namba hasi na desimali?

KDS ya 1 na namba yoyote ni namba hiyo. Kigawe cha 0 ni 0 pekee, kwa hiyo KDS yenye 0 ndani huchukuliwa kuwa 0. Katika shule ya msingi 0 haitolewi. Kwa namba hasi, puuza alama ya kutoa.

Kwa desimali, zidisha zote kwa 10 au 100 ziwe namba nzima, kisha gawanya jibu kwa kiasi hichohicho. 1.5 na 0.4 zinakuwa 15 na 4, KDS 60, rudisha: 6. Kwa sehemu zilizorahisishwa, chukua KDS ya viasi juu ya KKS ya asili: kwa 1/2 na 3/4 ni 3/2.

Inatumika wapi nje ya darasa?

Kwenye manunuzi, kwanza. Madaftari yanauzwa kwa dazeni na kalamu kwa boksi la 50. Ukitaka kila daftari liwe na kalamu yake bila kubakiza kitu, KDS ya 12 na 50 ni 300: dazeni 25 na maboksi 6.

Kwenye mashine, gia ya meno 40 ikikamatana na ya meno 24, KDS ni 120, kwa hiyo kila baada ya mizunguko 3 ya gia kubwa meno yaleyale hukutana tena. Jino moja la gia kubwa hukutana na meno 3 tu ya ile ndogo, na likiwa na kasoro linayala hayohayo. Wabunifu wa mashine huweza kuongeza jino moja: 41 na 24 zina KDS 984, na kila jino huyapitia yote 24 kabla ya kurudi. Uchakavu unasambaa.

Porini nako ipo. Marekani kuna nyenje wanaokaa ardhini miaka 13 na wengine miaka 17, wakatoka kwa pamoja kwa wingi. KDS ni 221. Kundi moja la miaka 13 na moja la miaka 17 yalitoka mwaka mmoja 2024. Mara ya mwisho kabla ya hapo ilikuwa 1803, na itakayofuata ni 2245. Vipindi vingekuwa 12 na 18, yangekutana kila baada ya miaka 36.

Kompyuta inaweza kunitafutia?

Ndiyo. Kwenye Excel andika =LCM(24,36,60) na utapata 360; kompyuta nyingine hutaka nukta-mkato badala ya mkato kati ya namba, kulingana na mipangilio yake ya lugha. Ukiandika programu yako mwenyewe, gawanya kwa KKS kabla ya kuzidisha, kama kwenye mfano wa 1,001, la sivyo zao la kati linaweza kuzidi nafasi iliyotengwa. Namba hukua haraka: KDS ya 1 hadi 10 ni 2,520, na ya 1 hadi 20 ni 232,792,560.